Unga wa Tawi

Matar alipoingia uani kwa Bi Kazija, Mlandege, alimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya tanuri lililopoa, anachambua kisamvu. Ilikuwa saa mbili za asubuhi. Mwaka mmoja nyuma, saa kama hiyo, kijana huyo asingepata hata pa kuweka mguu kwa wingi wa watu waliokuja kuchukua mikate ya mofa ya mtama ya kulia supu ya pweza. Sasa tanuri lilikuwa halijawashwa kwa muda, na majivu yake paka wa jirani alishayafanya kitanda.

Sababu haikuwa siri. Mwaka ule wa sabini na moja mchele ulikuwa wa foleni, unga wa ngano wa foleni, sukari ya foleni. Pyarali, aliyekuwa akimuuzia Bi Kazija mtama mweupe tangu enzi za mama yake, alikuwa amefunga duka na kuhamia Dar es Salaam na watu wake wote. Nafaka ilipita kwenye duka la ugawaji la tawi la chama, na katibu wa duka hilo alikuwa Matar. Shaame, mume wa Bi Kazija, alikuwa mchukuzi wa bandarini, lakini bandari nayo ilikuwa imelala, na siku nyingi alirudi na jasho bila ya kitu mkononi. Kwa hiyo moyo wa Bi Kazija uliruka alipomwona katibu amejileta mwenyewe mpaka uani kwake.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Matar hakuzunguka. Ramadhani ilikuwa inaingia, tawi lilikuwa na magunia ya unga wa mtama, na watu hawakujua waufanye nini. Wengine waliukorogea uji ukawashinda, wengine waliwapa kuku. Yeye aliona bora unga ule uokwe mikate, kila nyumba ipate futari yake kwa kadi ya mgao. Bi Kazija alikuwa akioka mikate sitini kwa siku. Tawi lilitaka mia tatu.

Bi Kazija alilitupia jicho tanuri lake. Hakuwa mwanamke wa kujisifu kwa maneno, lakini alijisifu kwa mikate, na mtaa mzima ulilijua hilo. Mtama aliusaga mwenyewe kwa kijaa, jiwe juu ya jiwe, mara mbili. Unga aliukanda kwa chachu ya jana yake ukalala usiku kucha. Mkate uliotoka na doa la kuungua haukumwona mnunuzi. Mwenye mkahawa mmoja wa Darajani aliwahi kumbembeleza aongeze idadi, akamjibu kuwa Mungu amempa mikono miwili tu. Lakini siku zile mikono ilikuwa na kazi. Sasa ilikuwa inachambua kisamvu.

"Mia tatu n'taiweza," alisema mwishowe. "Lakini kwa masharti yangu. Unga ulale. Na ukiwa mbovu nnaurudisha."

"Bi Kazija, mie nimekulia mofa zako. Nani atakwambia vyengine?"

Alicheka, na Bi Kazija akacheka naye. Masharti mepesi namna ile, yaliyokubaliwa kabla ya kumaliza kusemwa, yangemshtua mtu aliyeshiba. Bi Kazija hakuwa ameshiba.

Jioni ile Shaame alimuuliza itakuwaje mikate mia tatu iwe sawa na ile sitini. Alijibiwa kuwa kazi ni ile ile, imezidi tu; atapata wanawake wa kumsaidia, yeye atasimama juu yao, na Shaame atafinyanga tanuri la pili. Alisema hayo uso umemng'ara, na Shaame, ambaye hakuwa ameuona uso ule kwa miezi, hakuuliza tena.

*

Tanuri la pili lilitoka pana kuliko la kwanza, na mdomo wake ulipinda kidogo. Tawi lilileta wanawake wanne. Mkubwa wao alikuwa Sichana, jirani wa nyumba ya nyuma, mjane mwenye watoto na mikono ya nguvu, ambaye ujira wake ulikuwa mikate. Unga ulikuja umeshasagwa, kwa hiyo kijaa kikasukumwa pembeni ya ukuta. Vyungu vya Bi Kazija havikutosha kulaza unga wa mikate yote ile, na chachu yake ilikuwa kama tone ndani ya pipa. Matar akaleta hamira ya kopo. Unga ukawa unakandwa asubuhi na kuokwa baada ya adhuhuri. Kule si kulala, kulikuwa ni kusinzia, lakini Bi Kazija alijiambia kuwa ni kwa siku za mwanzo tu, mpaka mambo yakae sawa.

Palikuwa na desturi moja ambayo aliapa hataiacha. Mwokaji aliyefunga hawezi kuonja, na Ramadhani mikate yote ya mtaa inaliwa kwa wakati mmoja, adhana ikilia. Ikiwa na kasoro, imeshapita. Kwa hiyo tangu jirani yake wa ubavuni, Bi Mwanakheir, alipoanza kuugua kifua na kushindwa kufunga, Bi Kazija alikuwa akimpelekea mkate wa kwanza kila siku ya mfungo, umefunikwa kwa kawa. Bi kizee huyo alitafuna taratibu, akafikiri, akaleta jibu: chumvi haijafika, au unga umechacha mno, au haya, okeni. Hapo ndipo mikate mingine ilipobandikwa tanurini.

Siku ya kwanza ya Ramadhani wanawake walichelewa, tanuri jipya likagoma kushika moto, na kabla ya alasiri foleni ilikuwa imeshafika mlangoni, kadi mikononi. Bi Kazija aliubandua mkate wa kwanza akaugeuza. Rangi yake ilikuwa ya kijivujivu. Aliunusa akapata harufu ya moshi na ya hamira, basi. Kuupeleka kwa Bi Mwanakheir na kungoja jibu kungekula muda ambao hakuwa nao.

Sichana alimwambia agusishe ncha ya ulimi kisha ateme, mpishi ameruhusiwa. Ni kweli ameruhusiwa. Lakini Bi Kazija hakuwahi kuonekana akitema mate mchana wa Ramadhani, na hakutaka kuanza mbele ya wanawake wanne walioletwa na tawi kumtazama anavyofanya kazi.

"Tangu lini mie nkaonja?" alisema. "Bandikeni."

*

Adhana ya magharibi ilipolia, alikunywa maji, akamega mkate wake, akatafuna. Mwanzo haukuwa na neno. Kisha uchungu ukaja nyuma ya ulimi. Haukuwa wa kuungua. Ulikuwa uchungu wa nafaka iliyokaa ghalani mpaka ikashika ukungu, na ulikaa palepale hata alipokunywa maji mengine. Alimtazama Shaame. Shaame alikuwa anatafuna macho yapo kwenye mkeka.

"Sema," alimwambia.

"N'seme nini, Kazija?"

Alihisi uso unamwaka. Wakati uleule, nyumba zote za mtaa zilikuwa zinatafuna uchungu uleule, na kila mtu alijua umetoka kwenye mkono wa nani. Alitandika mkeka karibu na mlango akakaa kusubiri watu waje na mikate yao kumtupia. Watu walipita kwenda tarawehe, wakamsalimia, wakaenda zao. Hakuna aliyegonga, na mwisho alijikuta anatamani agonge hata mmoja.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu zaidi. Mzee mmoja alimwomba, kwa sauti ya chini, kama ipo mikate iliyovunjika asiitupe. Bi Kazija hakuweza kujizuia, akamuuliza kama ameila ya jana na ameionaje. Mzee alimtazama kama aliyeulizwa swali la mtego.

"Ilikuwa mikubwa," alisema. "Alhamdulillahi."

Siku ileile alimwendea Matar dukani, akamkumbusha masharti. Matar alikuwa anapima sukari kwa kikombe, midomo imemkauka kwa saumu. Hakubisha. Alisema yeye pia ameula mkate ule, na ulimi anao. Kisha akamfungulia mlango wa ghala aone mwenyewe. Magunia yote yalikuwa ya namna moja, na nyuma ya magunia palikuwa na ukuta.

"Ukinirudishia huu, Bi Kazija, watu wale wa nje wafuturu nini?"

 Bi Kazija alirudi nyumbani akachochea moto. Alijaribu kuongeza chumvi, akajaribu kuchekecha, akajaribu kuurowanisha unga na kumwaga maji yake ya juu. Uchungu ulibaki palepale. Kufika siku ya tano alikuwa haufikirii tena usiku. Alioka, akagawa, akala sehemu yake, na hapana aliyesema neno. Hilo ndilo lililomuumiza: kazi ya miaka yote ile, aliyoambiwa kuwa watu wanavuka Darajani kuifuata, kumbe ingeweza kuharibika siku moja na foleni isipungue hata mtu mmoja.

*

Aliyesema alikuwa mmoja. Mwisho wa kumi la kwanza la Ramadhani Bi Kazija alimpelekea Bi Mwanakheir mkate wa kadi; sahani ilirudi na mkate ukiwa mzima juu yake, haukumegwa hata kidogo, pamoja na maneno kwamba aambiwe Kazija mkate huu si wake na asimletee tena vitu vya watu. Bi Kazija aliingia chumbani akalia. Alilia kwa aibu, na alilia kwa furaha pia, kwa sababu ilikuwa bado yuko mtu anayejua.

Alimwomba Shaame aende Chwaka kwa wifi yake, Wanu, aliyekuwa na vijishamba viwili vitatu vya mtama nyuma ya nyumba. Shaame alikataa, kisha akaenda. Kutoa nafaka shamba bila ya kibali siku zile kuliitwa magendo, na watu walifungwa kwa kidogo kuliko hicho. Alirudi na gari la shamba, mtama umo chini ya pakacha, juu yake ng'onda, samaki wakavu wanaonuka kiasi cha kuwafukuza walinzi wa kizuizini. Ulikuwa vibaba viwili tu. Bi Kazija alivuta kijaa, akausaga mara mbili, akaulaza kwa chachu yake aliyokuwa bado anaifufua kikombeni, na alfajiri, kabla ya wanawake kuja, akaoka mikate sita katika tanuri la zamani.

Aliupeleka mwenyewe wa kwanza. Bi Mwanakheir aliketi kitandani, akaumega, akanusa ndani, akatafuna kwa fizi zake. Alikula wote. Kisha akamshika Bi Kazija kiganja akakigeuza, akakitazama.

"Bado upo," alisema. "Mie nkadhani umeshakufa mkono huu."

Bi Kazija alirudi nyumbani mwepesi. Siku ile hata Sichana alimuuliza kulikoni, akasema hakuna kitu.

Ubaya haukutoka kwa adui. Bi Mwanakheir alikuwa amesikia watu wakinong'ona kuwa mikono ya Kazija imeharibika, na kila mwanamke aliyekuja kumjulia hali alimwambia kwa fahari kuwa ni uongo, yeye amekula mofa ya Kazija juzi tu na ni tamu kama zamani, nyeupe, laini, ina harufu ya chachu. Alidhani anamsafisha jirani yake. Wanawake walisikiliza, wakaondoka, na kila mmoja alikuwa na ulimi wake nyumbani uliojua alichofuturia.

*

Mtaa haukuchukua muda kulimaliza fumbo. Kazija anachekecha unga wa tawi. Mzuri anauweka ndani, pumba anawaokea watu. Aliyeumia zaidi alikuwa Sichana, ambaye alikuwa anakanda kutwa kwa saumu na kuwapelekea watoto wake mikate ileile michungu kuwa ndio malipo. Hakuja kuuliza. Alikwenda tawini.

Siku ile kwenye foleni mwanamke mmoja aliurudisha mkate wake kwa kuutupa juu ya meza. Alisema huu kampe mumeo, sie tuletee ule wa Mwanakheir. Watu waliitikia. Yale malalamiko aliyoyasubiri Bi Kazija mlangoni usiku wa kwanza yalikuja hivyo.

Alasiri Matar aliingia na watu wawili wa tawi, na nyuma yao foleni nzima ikamwagika uani. Walifungua mitungi, wakainua godoro, wakachungulia uvunguni. Mtama wa Chwaka ulikuwa umekwisha wote. Lakini mmoja wao alipita kidole kwenye mfereji wa kijaa, akakitoa kikiwa na unga mweupe, akamwonesha Matar.

"Unga wa tawi unakuja umeshasagwa," alisema Matar polepole. "Kijaa kina kazi gani, Bi Kazija?"

Shaame, aliyekuwa amesimama kando ya tanuri, alivuta pumzi ya kutaka kusema. Bi Kazija alimwahi. Kama ni Chwaka, Shaame atafungwa, na Wanu atafuatwa kwake. Kama si Chwaka, yeye ni mwizi wa futari za watu. Alijiona amesimama mahali ambapo pamebaki neno moja tu la kusema.

"Niliusaga tena," alisema. "Huu huu wa tawi. Bi Mwanakheir hana meno, nikamlainishia. Mkate ni mmoja."

"Ladha ni moja?"

"Moja."

 Kila mtu alikuwa amefunga, hakuna wa kuhukumu. Sichana ndiye aliyesema kwamba yuko asiyefunga.

Wakaenda kumleta. Bi Mwanakheir aliingia ameshikwa na wanawake wawili, anakohoa, akakalishwa kwenye kigoda katikati ya uwa, juani. Matar aliinama akamweleza, kwa adabu, macho hayamtazami. Kisha akampa mkate wa siku ile. Maisha yake yote bi kizee yule alikuwa hajala mchana wa Ramadhani mbele ya mtu. Hata ugonjwa ulipomlazimisha alikula chumbani, mlango umefungwa. Sasa mtaa ulikuwa umesimama unamtazama mdomo. Alivuta upindo wa kanga akajiziba uso, akaupitisha mkono chini yake, akatafuna humo ndani.

Alitafuna kwa muda mrefu. Bi Kazija alitazama chini. Aliomba moyoni asiseme kweli, akajichukia kwa dua hiyo. Alipoinua macho, Bi Mwanakheir alikuwa ameshaiteremsha kanga. Alikitazama kijaa, akamtazama Shaame ambaye jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka shingoni, akamtazama Bi Kazija. Kisha akameza.

"Ndio huu," alisema.

"Huu ndio ule uliousifu, bibi?" aliuliza Matar.

"Huu huu. Mtamu." Na hapo, bila ya kuambiwa, akamega pande la pili akala.

Mtu mmoja alicheka. Mwengine akasema bibi ulimi umeshamfia, maskini, na kicheko kikaenea uani kote, kicheko cha watu waliochoka na kutaka kwenda zao. Sichana hakucheka. Matar alijipangusa uso kwa kitambaa. Alikuwa amekulia mofa za nyumba ile, na unga wa tawi ameshauonja, kwa hiyo alijua. Lakini alikuwa ameletewa jibu linaloweza kuandikwa, akalichukua. Aliwaambia watu wake wawili watoke. Mlangoni aligeuka akasema kwamba kwa kuwa mambo yameonekana safi, kuanzia wiki ijayo tawi litaomba mikate mia tano, kwani na watu wa Kiembe Samaki wameshaanza kuiulizia.

"Inshallah," alisema Bi Kazija.

*

Baada ya kufuturu alikwenda ubavuni. Chumba kilikuwa na harufu ya mafuta ya mkaratusi, na Bi Mwanakheir alikuwa amelala amegeukia ukutani. Bi Kazija alipiga magoti kando ya kitanda akamshika miguu. Alisema amemdhalilisha mama wa watu mbele ya mtaa, amemlisha mchana, amemtia uongo kinywani mwezi mtukufu. Alisema mengi, mengine hayakusikika kwa kilio.

"Inuka," Bi Mwanakheir alimwambia bila ya kugeuka. "Mumeo ana mwili gani wa kukaa jela? Nshakusamehe. Nna moja tu la kukwambia."

"Lipi, mama?"

"Ule wa juzi usiniletee tena."

Bi Kazija alifuta uso. Alisema angeweza kungoja mambo yapoe, baada ya Idd akatafuta kibaba kimoja tu cha mtama, akauoka kwa siri, mtu asijue.

"Usinitafutie." Bi Mwanakheir alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Mie nshasema mbele ya watu kuwa huu ndio mtamu. Niletee huu, niuzoee."

Bi Kazija alikaa pale mpaka tarawehe zikamalizika msikitini, halafu akarudi kwake kurowanisha hamira ya kesho. Kikombe cha chachu kilikuwa bado kipo kwenye shubaka. Alikiosha.

Siku ya pili yake alipeleka mikate miwili ya unga wa tawi, imefunikwa kwa kawa. Sahani ilirudi tupu.